Kamera ya Dada Nyuzi

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, mbele ya kibanda changu cha kushonea viatu, pale barabara ya lami inapokutana na ile ya vumbi. Kushoto kuna saluni, kulia kuna ukuta wa duka lililofungwa miaka mingi, na ukuta huo ndio unaotupa kivuli tangu asubuhi mpaka jua linapopinda. Mimi hukaa kwenye kigoda changu na nyundo mkononi, kwa hiyo kusema kweli benchi si langu, mimi ni mwenyeji tu. Wenye benchi ni watatu. Kuna Chuma, anayeuza vipuri vya magari vilivyotumika, mtu mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya barabara hata kama mmekaa bega kwa bega. Kuna Karani, mstaafu aliyemaliza ujana wake ofisini akihesabu mali za watu wengine, na sasa anapenda tarakimu kama wengine wanavyopenda sukari. Na kuna Bi Kahawa, mwenye birika, anayekaa mwisho wa benchi karibu na jiko lake. Neno la mwisho ni lake, kwa sababu anayebishana naye sana hupewa kikombe nusu.

Dada Nyuzi ni jirani yetu wa saluni. Jina hilo tulimpa sisi kwa ajili ya mistari yake: akikusuka, njia za kichwani zinakaa nyembamba kama nyuzi, sawasawa kana kwamba zimepigwa rula, na ncha zote zinakutana utosini bila hata moja kupotea. Mabibi harusi walikuwa wakimfuata kutoka mitaa ya mbali. Kwa hiyo asubuhi ile alipotoka saluni akaja kukaa benchini, saa ambayo siku zote ana kichwa cha mtu mbele yake, tulijua kuna jambo. Bi Kahawa alimmiminia bila kuulizwa. Dada Nyuzi aliomba radhi kwa kupokea kwa mkono wa kushoto. Wa kulia aliuacha umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine.

Akatueleza. Kwa muda mrefu vidole vilikuwa vinamfa ganzi, naye akidhani ni uchovu, anajipaka mafuta ya kuchua na kuendelea. Sasa kitana kilikuwa kinamdondoka mbele ya wateja. Daktari alimpima na hakumficha: mishipa ya kifundo cha mkono imebanwa kwa kazi ya miaka mingi, na akiendelea kusuka kutwa nzima itafika siku atashindwa kufunga vifungo vya gauni lake mwenyewe. Kidogo kidogo anaweza. Kutwa, basi tena.

— Kiti nimemwachia mdogo wangu, akasema. Kuanzia leo.

Mdogo wake tunamjua. Ni mama wa watoto wawili sasa, mkimya, aliyefundishwa kazi na dada yake tangu mwanzo. Ana mikono mizuri lakini mwoga: akikosea mstari mmoja hugeuka kwanza kumtazama dada yake, ndipo aufumue.

Bi Kahawa aliuliza lile ambalo sisi wanaume tulikuwa tunalizunguka.

— Na wewe utakula nini, mwanangu?

— Nitanunua kamera, mama.

Alilisema kama mtu anayesema atanunua chumvi. Chuma alitoa simu yake mfukoni akaiinua, kama kusema kamera hii hapa. Dada Nyuzi alikuwa na jibu tayari. Alishajaribu kwa simu, tena si mara moja. Mle saluni mwanga ni wa dirisha dogo, na kwenye simu nywele zinatoka doa moja jeusi, njia hazionekani, kazi ya siku nzima inakuwa kofia. Alitaka kamera kubwa, ile ambayo lenzi unaitoa na kuweka nyingine, ambayo wapigapicha wenyewe wanaiita DSLR. Wasusi wa mitaa yote hii wanahitaji picha za kazi zao za kubandika ukutani, na hakuna anayewapigia kwa sababu wapigapicha wanakimbilia kumbi za harusi. Na kulikuwa na jambo la pili, na hapo alisogeza kikombe pembeni ili atueleze vizuri. Siku ya harusi, bibi harusi akiwa chumbani anaandaliwa, mpigapicha mwanamume husimama nje ya mlango mpaka mtu atoke amekamilika. Yale ya ndani, mama anavyofuta machozi kwa kisingizio cha vumbi, shangazi anavyotafuta pini aliyoing'ata mwenyewe mdomoni, hakuna mwenye picha yake.

— Mimi nimekaa kwenye vyumba hivyo miaka, akasema. Hakuna anayenifukuza.

Tulikubali kwamba hilo ni wazo la mtu aliyekaa akafikiri. Tatizo lilikuwa moja tu. Akiba yake, pamoja na alichopata kwa kuuza mashine yake ya kukaushia nywele, ilitosha kununua mara moja. Akinunua vibaya, hakuna kamera ya pili, na kitana hakimngoji tena.

Basi benchi likapata kazi.

Karani ndiye aliyeanza, na alianza kwa kujiamini kama mtu aliyezaliwa na kamera shingoni. Alisema kamera ni tarakimu na mengine yote ni mapambo. Kuna kitu kinaitwa megapikseli, akatufafanulia, ni vidoadoa vinavyojenga picha, na mwenye vidoa vingi ndiye mshindi. Kesho yake alikuja ameongeza. Ukiwa na megapikseli za kutosha, huna haja ya kuzunguka ukumbini unatoka jasho: unasimama mlangoni, unapiga picha moja ya ukumbi mzima, unarudi nyumbani, unakata watu mmoja mmoja kwa nafasi yako na kumuuzia kila mtu kipande chake. Kesho kutwa yake alikuwa amefika mbali zaidi. Alidai picha ya namna hiyo inaweza kuhesabiwa punje za wali kwenye sahani, ikamaliza ugomvi kati ya mpishi na wenye harusi.

Chuma hakujali tarakimu. Kwake yeye kitu kizuri ni kizito. Alitoa mifano ya jeki, betri na injini, akatuuliza tumwonyeshe kimoja chepesi kilichodumu. Kamera nyepesi, alisema, ni ya kuchezea watoto. Karani alipomwuliza uzito unahusikaje na picha, Chuma alijibu bila kupepesa kwamba mwanga nao una nguvu ya kusukuma. Kamera nyepesi inapigwa na mwanga na kurudi nyuma kidogo, ndiyo maana picha za watu wengi zinatoka zimetikisika.

Bi Kahawa aliwasikiliza wote huku anapuliza mkaa. Yeye hoja yake ilikuwa flashi. Watu hawalipii picha, alisema, wanalipia kumulikwa; mtu asipofumba macho haamini kwamba amepigwa. Alimjua mpigapicha mmoja wa zamani ambaye kamera yake ilikuwa imekufa, flashi tu ndiyo ilikuwa inafanya kazi, na bwana huyo alikula harusini mwaka mzima bila kukosa mwaliko.

Dada Nyuzi alikuwa anakuja kila asubuhi na kusikiliza. Alicheka panapochekesha, lakini alikuwa pia anatuchambua, fungu hili huku, fungu lile kule, kama anavyochambua nywele kabla hajaanza kusuka. Mwisho tulimpatia jibu. Kwenye duka la kamera lenye vioo, mtaa wa benki, kulikuwa na kamera moja nyeusi iliyokaa dirishani peke yake. Karani aliridhika na tarakimu zake. Chuma alikuwa amemwona muuzaji akiitoa kwa mikono miwili, akaridhika na uzito wake. Flashi ilikuwa imekaa juu kama taa ya gari, Bi Kahawa naye akaridhika. Bei yake ingembakizia Dada Nyuzi nauli tu. Lakini tulisema kwa uhakika kiasi kwamba hata sisi wenyewe tulijiamini, naye akakata shauri: tungekwenda wote siku hiyohiyo.

Nilikuwa namalizia kiatu kimoja kabla ya kufunga kibanda. Chuma alikuwa tayari amesimama, anatueleza kwa mara nyingine jinsi ile kamera ilivyo nzito, kwamba ukiiweka mezani unasikia meza inaitikia. Pale mwisho wa pili wa benchi alikuwa amekaa mama mmoja ambaye hatukumjua, aliyekatikiwa na kamba ya sandali akiwa njiani, mguu wake mtupu ameuweka juu ya kipande cha katoni nilichompa. Alikuwa amekunywa kahawa yake taratibu na kusikiliza habari yote, mkono, daktari, saluni, kamera. Akamgeukia Chuma.

— Samahani, kaka. Mimi ni mpita njia tu. Lakini dada huyu, na mkono huo, ataishikaje?

Aliuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza saa. Chuma, aliyekuwa amesimama, akaketi. Karani alianza kukagua ncha ya kiatu chake. Mimi nyundo ilikuwa hewani, nikaishusha polepole ili isilie. Siku zote zile tulikuwa tumekaa na mtu mwenye mkono mbovu tukimtafutia kitu kizito kuliko vyote.

Aliyecheka wa kwanza alikuwa Dada Nyuzi. Alisema hata yeye hakuwaza. Moyoni mwake habari ya mkono ilikuwa imeishia siku aliyotoka kwenye kiti, na kamera alikuwa anaihesabu kama kazi ya macho. Nilimfungia yule mama kamba yake ya sandali, akatuaga akaenda zake, na hatujamwona tena.

— Twende vilevile, Dada Nyuzi akatuambia. Nikaishike.

Tukaenda wanne, Bi Kahawa alibaki na birika. Mwenye duka alikuwa bwana wa makamo, miwani yake imening'inia kifuani, asiyekuwa na haraka. Alitoa ile nyeusi dirishani akamkabidhi. Dada Nyuzi aliinyanyua mpaka jichoni, akatutazama sisi watatu kupitia kwenye kitundu chake. Alisimama hivyo kidogo. Nilikuwa upande wake wa kulia, kwa hiyo niliuona mkono kabla hajausikia mwenyewe: kidole gumba kilianza kutetemeka, halafu kifundo. Aliishusha kamera kwenye kaunta taratibu, kwa adabu, kama mtu anayerudisha mtoto wa watu. Kisha akaficha mkono wake chini ya mtandio.

Njiani tulikuwa tunachekeshana, na ghafla jambo lenyewe likawa limesimama mbele yetu. Kama hii haiwezekani, na kusuka hakuwezekani, basi swali la Bi Kahawa la siku ya kwanza lilikuwa halijajibiwa.

Mwenye duka ndiye aliyeanza kusema. Hakumwuliza habari ya mkono. Alimwuliza anataka kupiga picha gani. Dada Nyuzi akamweleza, nywele, vyumba vya kuvalia, mwanga wa dirisha dogo. Yule bwana alivaa miwani yake, akainama chini ya kaunta, akatoka na kamera ndogo ya rangi ya kijivu, imechubuka kidogo kwenye kona. Mteja wake mmoja alikuwa ameirudisha ili aongeze fedha achukue kubwa. Nayo ilikuwa ya aina ileile ya kubadilisha lenzi, ila umbo lake dogo, na mbele ilikuwa na lenzi fupi isiyozidi urefu wa kidole. Alisema lenzi hiyo haivuti kitu cha mbali, ukitaka karibu unatembea mwenyewe. Lakini jicho lake linafunguka sana, linakunywa mwanga, na ndani ya chumba chenye dirisha moja itaona ambacho ile kubwa na lenzi inayouzwa nayo haitaona mpaka imulike.

Dada Nyuzi aliishika. Akaipeleka jichoni, akaishusha, akaipeleka tena. Kisha akajaribu vingine: uzito wote akauweka kwenye kiganja cha kushoto, viwiko akavibana mbavuni, mkono wa kulia ukabaki na kazi ya kidole kimoja tu. Aliizungusha huku na huku. Akakaa hivyo muda mrefu kuliko ule wa kwanza, na kidole gumba kilikuwa kimetulia.

Hapo ndipo nilipowapenda wenzangu, kwa sababu waliacha kujua kila kitu wakaanza kufanya kile wanachokijua. Chuma maisha yake yote ananunua vitu vilivyotumika, na anayeuza vitu hivyo hawezi kumdanganya. Aliomba aione, akaigeuza tumbo juu, akaisogeza kwenye mwanga na kukagua parafujo moja baada ya nyingine. Akasimama kwenye moja.

— Hii imefunguliwa, akasema, tena kwa sauti ya chini, sauti ambayo sikujua anayo. Imechunika kichwa. Mzee, humu ndani amepita nani?

Mwenye duka hakubisha. Alikiri kwamba kifuniko cha betri kilikuwa kimevunjika, akakibadilisha yeye mwenyewe, na kile cha zamani kilikuwa bado kwenye droo, akakitoa tukakiona. Karani naye aliuliza imeshapiga picha ngapi tangu itoke kiwandani, kwa kuwa alikuwa amesoma kwamba kile kifuniko cha ndani kinachofunguka na kufunga kina mwisho wake kama tairi. Mwenye duka aliiunganisha kwenye kompyuta akamwonyesha. Karani alitazama, akafikiri, akasema kamera hii bado ni mwanafunzi, kustaafu ni mbali. Kisha yule bwana akamwambia Dada Nyuzi apige picha ukuta mweupe, wakaikuza kwenye kompyuta kutafuta madoa, na lilipatikana moja tu la vumbi, likapulizwa likatoka.

Chuma bado hakuridhika. Alimvuta Dada Nyuzi pembeni akamshauri asubiri, labda mwezi ujao itapatikana ambayo haijafunguliwa. Karani alikuwa upande wake, alitaka tarakimu kubwa zaidi hata kama ni kwa mkopo. Dada Nyuzi aliwasikiliza mpaka mwisho.

— Kaka Chuma, simama pale mlangoni, akamwambia. Hapohapo. Tazama nje.

Chuma akasimama. Alikuwa amekunja uso kwa mashaka, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango, mwanga wa barabarani unampiga upande mmoja. Dada Nyuzi alitembea hatua kadhaa mbele, akarudi nyuma moja, akainama kidogo, akabonyeza. Walipoikuza kwenye kompyuta tulisogea wote. Ilikuwa ni Chuma, lakini Chuma ambaye hatujawahi kumtazama. Zilionekana mvi zake za karibu na sikio, alama ya kuungua kwenye paji la uso, na macho ya mtu anayemhofia mwenzake asije akadhulumiwa. Chuma alijitazama kwa muda. Akaigusa ile alama ya kwenye paji.

— Basi chukua, akasema.

Dada Nyuzi akalipa, akapewa risiti na muda wa kuirudisha ikileta matatizo. Haikuleta. Na kwa kuwa iligharimu chini ya ile nyeusi, alibakiwa na cha kununulia betri ya ziada, kadi ya kutunzia picha na mkanda mpana wa shingoni.

Wiki zilizofuata alijifunza mbele yetu. Alitupiga picha mpaka tukachoka, na nyingi zilikuwa mbovu, hilo hakuficha. Kuna alizokata vichwa, kuna zilizokuwa giza kama chini ya kitanda. Msusi wa kwanza aliyempigia kazi alizikataa picha zote kwa sababu nywele zilikuwa na ukungu na ukuta wa nyuma ndio uliotoka safi. Dada Nyuzi alirudi benchini na picha zake, akazipanga mapajani, akagundua mwenyewe kwamba kamera ilikuwa inachagua pa kutazama badala yake. Akatafuta namna ya kuichagulia. Kesho yake alirudi kwa yule msusi akazipiga upya bila malipo, na ukuta wa saluni ile sasa umejaa. Aliacha pia kusimama kama wapigapicha wengine. Akikaa huegemeza viwiko kwenye magoti, akisimama hutafuta mgongo wa kiti au fremu ya dirisha. Mkono ukianza kumlalamikia, anaweka kamera chini, anakunywa maji, hana haraka na mtu. Anazijua kazi za wasusi kuliko wanavyozijua wao, kwa hiyo hamwambii mtu ageuke zaidi ya mara moja.

Harusi ya kwanza ilikuwa ya binti aliyekuwa mteja wake tangu akiwa shule. Mama wa binti ndiye aliyemwita. Sisi wanaume hatukuwa na nafasi kule, kwa hiyo haya nayasimulia kama alivyonisimulia Bi Kahawa, aliyekwenda naye akiwa amebeba mkoba wake, na ambaye katika mambo kama haya haongezi chumvi.

Kilikuwa chumba cha kawaida, kitanda kimesukumwa ukutani, nguo zimetundikwa kwenye nondo za dirisha, na wanawake ambao kila mmoja alikuwa anamtafuta mwenzake ambaye yuko mbele yake. Bibi harusi alikuwa amekaa kwenye stuli. Anayemsuka alikuwa mdogo wake Dada Nyuzi. Dada Nyuzi alikuwa amejikunja karibu na dirisha, viwiko magotini, anabonyeza bila kumsemesha mtu, na baada ya muda watu wakasahau kama yupo. Alimpata shangazi akibandua lebo ya bei kwenye kiatu cha bibi harusi kwa meno. Alimpata mama mzazi amesimama peke yake nyuma ya mlango uliofunguliwa, ameshika kitambaa bila kukitumia.

Kisha mstari mmoja ukapinda. Ulikuwa wa mbele kabisa, juu ya paji la uso, mahali ambapo kila mtu angeuona. Mdogo mtu aliuona. Mikono yake ikasimama, akageuka kumtazama dada yake. Mama wa bibi harusi naye akaona, na akasema wazi kile ambacho chumba kizima kilikuwa kinakiwaza: muda umekwenda, gari liko njiani, Dada Nyuzi amalizie yeye, ni mistari michache tu, mkono wake hautakufa kwa hiyo.

Na ni kweli, usingekufa. Daktari mwenyewe alisema kidogo kidogo anaweza. Bi Kahawa anasema Dada Nyuzi aliiweka kamera kitandani, akainuka, akafika kwenye stuli, na mdogo wake akampa kitana. Alikishika. Vidole vyake, Bi Kahawa anasema, vilikishika kama vinavyojua njia ya kwenda nyumbani. Alikitazama kidogo. Alimtazama mdogo wake, ambaye alikuwa ameshaanza kurudi nyuma ampishe.

— Hapana, akasema. Fumua huo mstari mmoja, anza tena, muda upo. Mimi leo napiga picha.

Akamrudishia kitana. Akachukua kamera yake kitandani, akarudi dirishani, akakaa.

Mama wa bibi harusi hakufurahi, na hakuficha. Mdogo mtu alisimama na kitana mkononi, na safari hii hapakuwa na wa kumgeukia, kwa sababu pale alipozoea kuona uso wa dada yake palikuwa na lenzi. Akafumua. Akagawa nywele upya, akavuta pumzi, akaanza. Bi Kahawa alikuwa anasikia vile vidole vinavyofanya kazi na kale kamlio ka kamera, kimoja baada ya kingine, mpaka mstari ukafika utosini ukakutana na wenzake.

Gari lilipofika walikuwa tayari. Mpigapicha wa ukumbini alikuwa nje ya geti, na taa zake, akisubiri.

Picha zilipochapishwa Dada Nyuzi alizileta benchini kabla ya kuzipeleka kwa wenyewe. Karani alizihesabu. Chuma alizishika kwa ncha za vidole, baada ya kufuta mikono yake kwenye suruali mara mbili. Kulikuwa na ya mama nyuma ya mlango, ambayo Bi Kahawa aliitazama kisha akageuka kuchochea mkaa ambao haukuhitaji kuchochewa. Halafu kulikuwa na moja isiyokuwa na uso wa mtu yeyote: mikono miwili tu juu ya kichwa, mwanga wa dirisha ukiwa pembeni, kila unywele umejitenga na mwenzake, mstari umenyooka unakimbilia juu. Dada Nyuzi alimwita mdogo wake atoke saluni aje aione.

Alikuja akiwa bado na kitana kwapani. Hakuwa na kawaida ya kukaa na sisi. Aliichukua picha, akaiinamisha kwenye kivuli ili aione vizuri, akaifuata ile mikono kwa ncha ya kidole.

— Dada, akasema mwisho. Kumbe nashika nywele kama wewe.

— Nimeona, Dada Nyuzi akamjibu. Ila wewe uwe unaupumzisha mkono.

Bi Kahawa akasogea, akampisha mdogo mtu akae, na kumjazia kikombe mpaka ukingoni.